Benzema na Ufaransa: kosa lilijulikana, adhabu haikutajwa

Tarehe 24 Novemba 2021 mahakama ya Versailles ilimtia hatiani Karim Benzema kwa kushiriki katika jaribio la kumtishia mchezaji mwenzake, Mathieu Valbuena, kwa video ya faragha ili atoe fedha. Alipewa kifungo cha nje cha mwaka mmoja na faini ya Euro 75,000. Mwenyewe hakuwepo mahakamani. Alikuwa Tiraspol na Real Madrid, na usiku uleule alifunga bao katika ushindi wa 3-0 dhidi ya Sheriff kwenye Ligi ya Mabingwa.

Hukumu ilitarajiwa, na bao tulishalizoea. Cha ajabu ni kwamba baada ya hapo hakuna kilichobadilika. Benzema aliendelea kuitwa timu ya taifa ya Ufaransa kama kawaida, na Noël Le Graët, rais wa shirikisho la soka la nchi hiyo (FFF) wakati huo, alikuwa ameshasema mapema kwamba hata akikutwa na hatia hataondolewa kikosini. Sasa rudi nyuma kidogo. Kuanzia Oktoba 2015 hadi Mei 2021 mchezaji huyuhuyu hakuivaa jezi ya bluu hata mara moja, na kwa kipindi chote hicho alikuwa mtuhumiwa tu mbele ya sheria. Alipokuwa hajahukumiwa alifungiwa nje. Alipohukumiwa alikuwa ameshaingia ndani, na hakuna aliyemgusa.

Ugomvi huu huwa unaelezwa kwa neno mojamoja. Wanaomtetea husema ubaguzi, wanaomlaumu husema nidhamu, na kila upande una ushahidi wa kutosha kujaza jioni nzima ya mabishano. Mimi naona maneno yote mawili yaliingia kuziba pengo ambalo FFF ililiacha wazi kwa zaidi ya miaka mitano. Shirikisho halikuwahi kutamka kwamba huyu mtu ameadhibiwa kwa kosa hili, kwa muda huu, na akitimiza haya atarudi. Pasipo maelezo, kila Mfaransa alijitungia ya kwake.

Mwanzo haukuwa mbaya. Benzema alizaliwa Lyon mwaka 1987 na kukulia Bron, pembezoni mwa jiji hilo, katika familia yenye asili ya Algeria. Mwaka 2004 alikuwa kwenye kikosi cha vijana chini ya miaka 17 kilichotwaa ubingwa wa Ulaya pamoja na Samir Nasri, Hatem Ben Arfa na Jérémy Ménez, kizazi kilichobebeshwa matumaini mazito kuliko miaka yao. Machi 2007, akiwa na umri wa miaka 19, aliingia kipindi cha pili dhidi ya Austria na kufunga bao pekee la mchezo. Angeweza kuichezea Algeria. Alichagua Ufaransa, lakini hakuficha kwamba nchi ya wazazi wake iko moyoni mwake. Kauli hiyo wasiompenda waliitunza vizuri sana.

Halafu mambo yakaanza kwenda kombo kidogokidogo. Raymond Domenech, kocha wa wakati huo, hakumpeleka Kombe la Dunia la 2010. Kati ya Juni 2012 na Oktoba 2013 alicheza dakika 1,222 bila kuifungia Ufaransa. Kwa mshambuliaji wa kati wa Real Madrid hiyo ni aibu, na shabiki aliyelipa kiingilio akizomea ana haki yake. Sina tatizo na zomeazomea za namna hiyo. Tatizo ni kwamba kwa Benzema hazikuishia kwenye mabao. Ziliruka haraka hadi kwenye wimbo wa taifa.

Benzema hakuwa akiimba Marseillaise. Alikuwa akisimama mstarini, mdomo umefungwa, macho mbele. Mwaka 2013 alisema redioni kwamba hakuna atakayemlazimisha kuimba, kwamba kuimba hakutamfanya afunge mabao matatu, na kwamba hata Zinedine Zidane hakuwa mtu wa kuimba kila mara. Chama cha mrengo mkali wa kulia, Front National, kikataka asiitwe tena. Ukweli ni kwamba kikosi cha Michel Platini cha miaka ya 80 nacho hakikuwa na mazoea ya kuimba, na hakuna aliyewahi kuuliza uzalendo wa Platini. Hapo mtetezi wa Benzema ana hoja nzito: ukimya uleule, kwa mtu wa jina moja ni tabia ya mchezaji anayejikusanya kabla ya mchezo, kwa mtu wa jina lingine ni usaliti.

Lakini pia, Benzema hakuwa mtu wa kujisaidia. Wiki moja baada ya mashambulizi ya Paris ya Novemba 13, 2015, Marseillaise ilipigwa uwanjani Santiago Bernabéu kabla ya mchezo wa Real Madrid na Barcelona, kuwakumbuka waliouawa. Wimbo ulipokwisha kamera ikamnasa akitema mate. Wachezaji hutema mate uwanjani kutwa nzima, na waliomfahamu walisema hakukuwa na lolote nyuma yake. Inawezekana kabisa. Ila siku ile, wiki ile, dunia nzima ikiwa imemkodolea macho, na yeye tayari akiwa na kesi, mtu anayejali anavyotazamwa na nchi yake angemeza. Ndugu waliokuwa bado wanazika watu wao hawakuwa na sababu ya kumtafutia udhuru.

Kesi yenyewe ndiyo hii. Oktoba 2015 timu ya taifa ilikuwa kambini Clairefontaine. Kulikuwa na watu walioipata video ya faragha ya Valbuena na walitaka fedha ili isivuje. Tarehe 6 Benzema alimwendea Valbuena, wakazungumza, akamwambia kwamba yuko mtu anayeweza kulimaliza jambo hilo na kwamba angemkutanisha naye. Mtu mwenyewe alikuwa rafiki wa utotoni wa Benzema. Kwa mujibu wa Benzema, alikuwa anamsaidia mwenzake atoke kwenye shimo. Kwa mujibu wa Valbuena, alikuwa anaelekezwa kwa heshima na taadhima akalipe. Siku mbili baadaye, Nice, Ufaransa iliifunga Armenia 4-0 na Benzema akafunga mawili. Polisi walikuwa wameshanasa simu. Katika mazungumzo yaliyokuja kuchapishwa, Benzema na rafiki yake wanamzungumzia Valbuena na hofu yake huku wakicheka. Hapo ndipo hadithi ya msaada ilipoanza kuyumba. Mtu anayekwenda kumwokoa mwenzake hacheki namna ile.

Novemba 5 alifunguliwa mashtaka. Desemba, Le Graët akatangaza kwamba hataitwa hadi mambo yabadilike. Aprili 2016 FFF na kocha Didier Deschamps wakatoa tamko kwamba hatacheza Euro 2016, ambayo Ufaransa ilikuwa mwenyeji. Tamko lilisema kiwango cha uchezaji ni kigezo muhimu lakini si pekee, kwamba uwezo wa mchezaji kujenga umoja na kuwa mfano nao unahesabiwa. Waziri Mkuu, Manuel Valls, alikuwa ameshaingiza mkono wake kwa kusema mwanamichezo mkubwa asiyekuwa mfano hana nafasi timu ya Ufaransa.

Ningekuwa Deschamps mwaka ule ningefanya vilevile, na sioni aibu kulisema. Tafakari hali ilivyokuwa. Mchezaji mmoja anamshutumu mwenzake, wote wawili wa timu moja, tukio limetokea ndani ya kambi ya timu. Kwa miezi kadhaa jaji alimkataza Benzema kuwa na mawasiliano na Valbuena. Kocha anaitaje watu wawili ambao sheria imewakataza kusalimiana? Na hata zuio lile lilipoondolewa Machi 2016, vyumba vya Clairefontaine vilikuwa vilevile. Ufaransa ilikuwa bado na kidonda cha 2010, pale wachezaji walipogoma kushuka kwenye basi huko Knysna, Afrika Kusini, dunia ikawacheka. Deschamps alikabidhiwa timu mwaka 2012 kwa kazi ya kurudisha heshima kabla ya mabao.

Lakini Knysna hiyohiyo ndiyo inayoihukumu FFF. Baada ya mgomo ule shirikisho liliita watu, likawasikiliza, likatoa hesabu: Nicolas Anelka mechi 18, nahodha Patrice Evra mechi tano, Franck Ribéry tatu, Jérémy Toulalan moja. Unaweza kubisha kama mechi tano zilimtosha Evra au zilizidi, lakini ulijua zinakwisha lini. Zikaisha, akarudi, akacheza Kombe la Dunia 2014 na fainali ya Euro 2016. Nasri alipomtukana mwandishi wa habari kwenye Euro 2012, alipewa mechi tatu. Kwa hiyo shirikisho lilijua kuhesabu. Kwa Benzema halikuhesabu. Lilisema "kwa sasa", na "kwa sasa" ikala Euro 2016, ikala Kombe la Dunia 2018, ikaendelea.

Mtetezi wa shirikisho atajibu kwamba kesi ya jinai si utovu wa nidhamu wa kambini, na huwezi kumpa mtu mechi sita kwa kosa ambalo mahakama haijalithibitisha. Ni jibu zuri. Ataongeza kwamba kesi ilisota kwa sehemu kutokana na mawakili wa Benzema wenyewe, waliopinga hadi mahakama ya juu namna polisi walivyomtumia askari aliyejifanya mwakilishi wa Valbuena. Hilo nalo ni kweli, ingawa kutumia haki ya kisheria si kosa. Ila kama msimamo ulikuwa kusubiri mahakama, basi ungesubiriwa hadi mwisho. Benzema aliitwa Mei 18, 2021, miezi mitano kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Hakuna kilichokuwa kimebadilika mahakamani. Kilichobadilika ni kwamba Deschamps alikaa naye wakazungumza kwa kirefu, mambo ambayo kocha alikataa kuyasimulia, na kwamba Benzema alikuwa anafunga Madrid kuliko wakati wowote tangu Cristiano Ronaldo aondoke. Basi tuseme ukweli: hakufungiwa na sheria na wala hakufunguliwa na sheria.

Kuna mfano mwingine unaosaidia kupima. Mei 2018 kiungo Adrien Rabiot aliwekwa kwenye orodha ya akiba ya Kombe la Dunia, akaandika barua kukataa. Ni dharau ya wazi kwa kocha. Deschamps alimweka nje kwa miaka miwili, kisha 2020 akamrudisha na akawa tegemeo. Wanaomtetea Benzema huutaja mfano huu kwa hasira: mbona Rabiot miaka miwili? Hasira yao naielewa, japokuwa mizani haiko sawa. Rabiot alimkosea kocha, na kocha anaweza kusamehe lililo lake. Benzema alishtakiwa kumkosea Valbuena, na msamaha wa jambo hilo haukuwa mali ya Deschamps.

Sasa tufike kwenye sentensi iliyovunja kila kitu. Mwanzoni mwa Juni 2016, siku chache kabla ya Euro kuanza, gazeti la Marca la Hispania lilichapisha mahojiano na Benzema. Alipoulizwa kama Deschamps ni mbaguzi alisema hapana, hadhani hivyo, lakini kocha amesalimu amri mbele ya shinikizo la sehemu ya Ufaransa yenye ubaguzi. Akakumbusha kwamba chama chenye siasa kali kilikuwa kimefanya vizuri kwenye uchaguzi. Ukisoma kwa makini, kuna tofauti kubwa kati ya "kocha ni mbaguzi" na "kocha amewasikiliza wabaguzi". Mashabiki hawakusoma kwa makini, na aliyeshika kopo la rangi hakusoma kabisa. Ukuta wa nyumba ya Deschamps huko Brittany ulikutwa umeandikwa kwamba ni mbaguzi. Deschamps amesema zaidi ya mara moja kwamba hilo hatalisahau, kwa sababu lilifika hadi kwa familia yake.

Kama hoja, ilikuwa na miguu lakini ilimwendea mtu asiyehusika. Miguu yake ni hii: Front National kiliongoza raundi ya kwanza ya uchaguzi wa majimbo Desemba 2015, kwa hiyo shinikizo lilikuwepo na wanasiasa walikuwa wanalisikiliza. Ben Arfa, ambaye naye ana asili ya Afrika Kaskazini na alikuwa ametoka kufunga mabao 17 ya ligi akiwa Nice, naye aliachwa, akaishia orodha ya akiba. Mtu akiona mambo hayo mawili pamoja, akashuku, simwiti mchochezi. Lakini angalia kikosi chenyewe. Adil Rami, mwenye asili ya Morocco, aliitwa kuziba pengo la Raphaël Varane na akaanza kwenye timu. Pogba, Kanté, Matuidi, Sissoko, Umtiti, Evra, Coman. Mwaka 2018 alikuwemo Nabil Fekir, mtoto wa Lyon mwenye asili ya Algeria, wasifu unaokaribia kufanana na wa Benzema. Na nyota wa mashindano hayo, Kylian Mbappé, mama yake ana asili ya Algeria. Huwezi kujenga kesi ya ubaguzi dhidi ya kocha aliyepanga watu hao.

Aliyeumia bila hatia katika mvutano huu uwanjani ni Olivier Giroud. Kwenye mechi za maandalizi ya Euro 2016 sehemu ya mashabiki wa Ufaransa ilimzomea mshambuliaji wao wenyewe kwa sababu tu hakuwa Benzema. Na mwaka 2020 Benzema, akizungumza moja kwa moja mtandaoni, aliulizwa kuhusu Giroud akasema hatuchanganyi Formula 1 na karting, yaani mbio za vigari vidogo. Wengi walicheka. Giroud alijibu kwa upole kwamba karting yenyewe ni bingwa wa dunia, akaendelea kufunga hadi kumpita Thierry Henry kama mfungaji bora wa muda wote wa timu hiyo. Kauli ile ya Benzema iliwapa nguvu waliosema kwamba kikwazo chake hakikuwa rangi wala dini, ni ulimi.

Je, Ufaransa ilipungukiwa bila yeye? Hapa pande zote mbili hupenda kudanganyana kwa matokeo. Mwaka 2016 Ufaransa ilipoteza fainali nyumbani, 1-0 dhidi ya Ureno baada ya dakika za nyongeza, bila kupata bao, na mtu aliyetoka kufunga mabao 24 ya La Liga alikuwa anatazama kwenye runinga. Wafuasi wake watakuambia kombe lile lilipotea Marca ilipochapishwa. Mwaka 2018 Ufaransa ikawa bingwa wa dunia na mshambuliaji wa kati, Giroud, ambaye hakupiga hata shuti moja lililolenga goli katika mashindano yote. Wapinzani watakuambia basi, mambo yamekwisha. Wanachosahau wote ni kwamba msimu wa 2017/18 Benzema alifunga mabao matano tu ya La Liga. Kwa kiwango cha mwaka ule kocha yeyote angeweza kumwacha bila kutaja kesi wala umoja wa kambi. Deschamps angelisema hilo waziwazi angejiokolea maneno mengi. Hakulisema, kwa sababu kukubali kumpima kwa mabao kungemlazimisha kumpima hivyohivyo mabao yatakaporudi.

Na yakarudi. Juni 2, 2021 alivaa tena jezi ya bluu dhidi ya Wales, Nice, uwanja uleule alikochezea mara ya mwisho na Armenia. Alishangiliwa. Akapewa penalti apige, kipa akaidaka. Ilionekana kama dalili mbaya, na Hungary na Ujerumani walipopita bila bao lake, minong'ono ikaanza upya. Kisha akawafunga Ureno mawili, akawafunga Uswisi mawili kwenye hatua ya 16 bora, Ufaransa ikatolewa kwa penalti. Oktoba, kwenye Ligi ya Mataifa, alianzisha kufufuka kutoka 2-0 chini dhidi ya Ubelgiji hadi 3-2, na fainali dhidi ya Hispania alifunga bao la kusawazisha kabla Mbappé hajamaliza kazi. Ni kombe lake pekee akiwa na timu ya wakubwa ya taifa. Kwa mwaka mmoja na nusu hakuna aliyemsikia akilalamika, na hakuna aliyesikia kwamba kambi imegawanyika. Wale walioogopa umoja utavunjika walikuwa na haki ya kuogopa mwaka 2016. Kufikia 2019 hofu hiyo ilikuwa imeshapoteza sababu, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulikiri. Novemba mwaka ule Le Graët alisema safari ya Benzema na Ufaransa imekwisha, na Benzema akajibu kwamba kama ndivyo, wamwachie achezee nchi nyingine. Kanuni za FIFA hazikuruhusu, kwa mtu mwenye mechi 81, na nadhani alijua. Alikuwa anauliza tu yeye ni wa nani.

Juni 2022 aliiondoa rufaa yake, hukumu ikawa ya mwisho, wakili wake akisisitiza kwamba huko si kukiri kosa. Oktoba akabeba Ballon d'Or, Mfaransa wa kwanza tangu Zidane mwaka 1998. Mwezi uliofuata alikwenda Qatar, akaumia paja mazoezini siku tatu kabla ya mechi ya kwanza, akaondoka. Deschamps hakuita mbadala. Timu ikafika fainali bila yeye. Ndani ya wiki zile nne kidonda kikafunguka tena: kocha aliulizwa kama Benzema anaweza kurudi, akakataa kujibu. Benzema akaandika mtandaoni kwamba hana haja nalo, bila kusema ni jambo gani hasa. Desemba 19, siku moja baada ya kipigo cha penalti kutoka kwa Argentina, siku aliyotimiza miaka 35, akatangaza kwamba hadithi yake na timu ya taifa imekwisha. Mechi 97, mabao 37. Wakala wake baadaye alidai kwamba madaktari walikuwa wameona anaweza kuwa tayari kufikia hatua ya 16 bora. Deschamps alisema mchezaji mwenyewe ndiye aliyeona haiwezekani. Benzema akamkejeli mtandaoni. Sina la kuongeza hapo, kwa sababu wawili hao ndio walikuwepo chumbani na kila mmoja anasema lake.

Kinachonisumbua katika hesabu zote hizi ni Valbuena. Oktoba 2015 alikuwa na miaka 31, mechi 52, kipenzi cha Deschamps tangu Marseille. Hakuitwa tena baada ya hapo. Aliyetishiwa alipoteza timu ya taifa moja kwa moja, na aliyekuja kuhukumiwa kwa kushiriki alirudi, akacheza, akatwaa kombe. Umri ulichangia, sikatai, na mguu wake haukuwa wa Benzema. Lakini kwa miaka yote ile ya mijadala ya runinga kuhusu umoja wa taifa, wimbo na vitongoji, mtu aliyekosewa aligeuzwa jina la kesi. Wanaolia kwamba Benzema hakutendewa haki mara chache humtaja. Wanaolilia nidhamu nao walimsahau pale mabao yalipohitajika.

Wengi humfananisha Benzema na Mesut Özil, aliyejiuzulu timu ya Ujerumani Julai 2018 akiandika kwamba wakishinda yeye ni Mjerumani na wakifungwa ni mhamiaji. Maumivu yanafanana. Kesi hazifanani: Özil alipiga picha na rais wa Uturuki, hakuburutwa mahakamani na mchezaji mwenzake. Ndiyo maana kwa Özil ni rahisi kuchagua upande. Kwa Benzema, ukimtetea unajikuta umebeba na simu zile zenye vicheko, na ukimlaumu unajikuta umesimama mstari mmoja na watu usiowapenda.

Na watu hao wapo kweli. Oktoba 2023, akiwa ameshahamia Al-Ittihad ya Saudi Arabia na hana deni lolote na timu ya taifa, Benzema aliandika mtandaoni kuwaombea watu wa Gaza waliokuwa chini ya mabomu. Waziri wa Mambo ya Ndani, Gérald Darmanin, akasema kwenye runinga kwamba mchezaji huyo ana uhusiano na kundi la Muslim Brotherhood. Benzema alikanusha kupitia wakili wake na baadaye akafungua malalamiko ya kuchafuliwa jina. Seneta mmoja akaenda mbali zaidi: tuhuma zikithibitika, anyang'anywe Ballon d'Or, na hata uraia. Uraia wa mtu aliyezaliwa Lyon na kuichezea Ufaransa mara 97. Hiyo ndiyo sehemu ya Ufaransa aliyoitaja kwa Marca miaka saba kabla, na haikuwa ya kubuni. Deschamps, aliyebebeshwa mzigo wake siku ile, hakuwa mmoja wao.